Chonga ni yupi? Historia ya kuwatenganisha mbawakawa wenye pembe

Chukua mbawakawa wawili uwaweke mezani. Wote ni weusi wenye kuelekea kahawia, wanang'aa kama viatu vilivyopigwa kiwi, kila mmoja ana urefu wa sentimita 4 hivi, na kila mmoja ana pembe moja kichwani iliyopinda kurudi nyuma kama ya kifaru. Mmoja katolewa kwenye mnazi wa Bagamoyo, mwingine kwenye mnazi wa Sri Lanka. Wachanganye, halafu mwambie rafiki yako awatenganishe. Atashindwa, na asione aibu. Hata mtaalamu wa wadudu ataomba kwanza darubini, na huenda akaomba pia ruhusa ya kumpasua mmoja tumbo.

Wa Bagamoyo ni Oryctes monoceros. Wa Sri Lanka ni Oryctes rhinoceros. Ni ndugu kabisa, jenasi moja, kazi moja: kutoboa minazi. Mtu anaweza kusema, sasa tofauti ya nini? Mdudu mharibifu ni mdudu mharibifu, muue uendelee na shughuli zako. Katika miaka mia moja iliyopita wamekuwepo watu wengi waliosema hivyo, kwa maneno au kwa vitendo, na mara nyingine walikuwa sahihi. Ndiyo maana historia hii inavutia.

Tuanze na majina, maana vurugu ilianzia hapo. Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Uswidi alitoa toleo la kumi la Systema Naturae, kitabu ambacho wanazuolojia hadi leo wanakihesabu kuwa mwanzo rasmi wa majina ya kisayansi ya wanyama. Humo aliwaandikisha mbawakawa wawili wa aina hii. Mmoja, wa Asia, akamwita rhinoceros, yaani pembe-puani kwa Kigiriki. Mwingine, wa Ulaya, akamwita nasicornis, yaani pembe-puani kwa Kilatini. Ndiyo, umesoma sawasawa. Mwaka 1789 Mfaransa Guillaume-Antoine Olivier akamwandikisha wa Afrika, akampa jina monoceros, pembe-moja. Ukiwatazama, wote watatu wana pembe moja, na wote watatu wanayo puani (tuseme hivyo, ingawa mdudu hana pua). Majina matatu, lugha mbili za kale, na huwezi kumtambua yeyote kwa kuyasoma. Yule wa Ulaya kumbe ni mpole tu, anakulia kwenye mbao zilizooza na mboji. Jan Swammerdam wa Uholanzi alishampasua na kumchora karne ya 17. Wale wengine wawili ndio wenye kesi.

Wakulima wengi wa pwani yetu humwita chonga. Jina hilo halitaji pembe. Mimi nikilisikia nawaza kitenzi kuchonga, na ukiangalia kuti la mnazi ulioshambuliwa utaniunga mkono. Mdudu mzima huruka usiku na kujichimbia kwenye kilele, pale makuti machanga yanapokuwa bado yamekunjana, akitafuna kwenda chini ili anywe utomvu wa sehemu laini. Kuti likija kufunguka baadaye linaonekana limekatwa pembetatu pembetatu, kama karatasi iliyokunjwa ikapitishwa mkasi. Akifika kwenye kichilema, ule moyo wa mnazi, mti unakufa. Minazi michanga ndiyo inayoumia zaidi. Dawa ya zamani ni waya wenye ncha iliyopinda: unauingiza kwenye tundu, unamnasa, unamvuta nje. Inafanya kazi, ila ni kazi ya mti kwa mti, na mkwezi anataka malipo yake.

Kuna jambo linalowachanganya wengi hapa: buu wake hagusi mnazi ulio hai. Anakaa kwenye magogo ya minazi yanayooza, kwenye mboji au samadi, mnene, mweupe, kajikunja kama herufi C, akila uozo kwa miezi. Kwa hiyo unaweza kupiga dawa kileleni kila wiki huku kiwanda chenyewe kikiwa kwenye gogo lililolala nyuma ya nyumba.

Turudi kwenye pembe. Katika karne ya 19 makumbusho ya Ulaya yalipokea masanduku ya wadudu kutoka kila koloni, na aliyefungua sanduku alivutwa na kile ambacho kingetuvuta mimi na wewe. Pembe ndefu huku, fupi kule. Matokeo yake, katika kundi hili la mbawakawa, dume mkubwa na dume mdogo, au dume na jike wake, wamewahi kupewa majina tofauti kana kwamba ni spishi mbili. Charles Darwin aliligusa tatizo hili mwaka 1871 katika The Descent of Man: pembe hizi ni kubwa kiasi kwamba lazima zina kazi, lakini kwa madume wa spishi moja zinatofautiana mno. Kitu chenye kazi maalumu kingewezaje kuwa na vipimo vya ovyo namna ile?

Mwaka 1892 William Bateson (huyu huyu aliyekuja kulipa somo la jenetiki jina lake) na mwenzake Brindley walifanya jambo rahisi ambalo hakuna aliyekuwa na subira nalo. Walichukua madume wengi wa Xylotrupes gideon, mbawakawa mwenye pembe waliyeletewa kutoka Java, wakazipima pembe moja moja. Vipimo havikurundikana katikati kama vinavyofanya vimo vya watu. Viligawanyika makundi mawili, wenye pembe ndefu na wenye pembe fupi, na wa katikati walikuwa wachache. Wote madume, wote spishi moja. Fikiria mtu wa makumbusho aliyepewa sampuli mbili tu, moja kutoka kila kundi. Angeapa kwamba ni spishi mbili, na ungemwamini.

Sababu ilikuja kuthibitishwa kwa majaribio karibu karne nzima baadaye. Mwaka 1994 Douglas Emlen wa Marekani, akitumia mbawakawa mdogo wa mavi aitwaye Onthophagus acuminatus, alionyesha kwamba kinachoamua ni chakula. Buu aliyelishwa vizuri na kuvuka ukubwa fulani anatoka dume mwenye pembe ndefu. Aliyepunjwa anatoka na vijipembe vya aibu, hata kama baba yake alikuwa na pembe za kutamba.

Kwa hiyo pembe inakuambia zaidi mdudu alikula nini utotoni kuliko inavyokuambia ni nani. Kwa chonga hali ni mbaya zaidi, maana majike nao wana pembe. Ya dume kwa kawaida ni ndefu zaidi, lakini dume aliyekulia kwenye gogo lililokwisha lishe anaweza kuzidiwa na jike aliyeshiba. Ukitaka kujua jinsia ya Oryctes rhinoceros, achana na kichwa. Mgeuze. Jike ana kishungi cha nywele za kahawia-nyekundu kwenye ncha ya tumbo. Kwa dume pale ni laini na panang'aa. Wanafunzi wakiambiwa hivi maabara hucheka, kwamba mnyama mwenye silaha ya namna hii anatambuliwa kwa makalio. Ndivyo ilivyo.

Na spishi je? Hapo unaingia ndani zaidi. Mwaka 1844 Mfaransa Léon Dufour alipendekeza kwamba viungo vya uzazi vya wadudu ni kama kufuli na ufunguo, kila spishi na wake. Wazo hilo kama maelezo ya mageuzi limekosolewa sana. Kama kazi ya mezani limeshinda: kiungo cha uzazi cha dume ni kigumu kama ukucha, umbo lake haliyumbishwi sana na njaa ya utotoni, na ukikichomoa na kukiweka chini ya darubini unapata jibu ambalo pembe haikupi. Sebő Endrődi wa Hungaria alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye kundi hili, na kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu mbawakawa hawa wa dunia nzima kimejaa michoro ya viungo hivyo. Si kitabu cha kumwachia mgeni sebuleni, lakini hadi leo hakikwepeki.

Huku kwetu utambuzi huu una uzito wa kila siku, kwa sababu chonga hayuko peke yake. Yupo Oryctes boas, aliyepewa jina na Fabricius mwaka 1775, naye ni mweusi-kahawia, naye ana pembe. Huyu anapenda zaidi malundo ya samadi na mboji, na kwenye minazi lawama zake ni ndogo. Sasa mwenye shamba anafukua samadi ya jirani, anakuta mbawakawa wenye pembe, anahitimisha kwamba zizi la jirani ndilo linaloua minazi yake. Huenda ni kweli, huenda anamshitaki boas kwa kosa la monoceros, huku magogo ya minazi iliyokufa shambani kwake mwenyewe yamesimama bila kukatwa. Ugomvi wa namna hii hauishi kwa kutazama pembe.

Hadi hapa tumekuwa tukizungumzia watu wanaotenganisha wadudu. Nusu ya pili ya hadithi ni ya maadui wa wadudu hao, ambao nao wana maoni yao kuhusu nani anafanana na nani. Kwa hili tuhamie Samoa.

Karibu na mwaka 1909, Samoa ikiwa koloni la Ujerumani, ililetwa miche ya mpira kutoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Ndani ya shehena hiyo alikuwemo Oryctes rhinoceros. Visiwa vile vilikuwa vimejaa minazi, uchumi wake ulikuwa nazi kavu, na hapakuwa na adui yeyote wa kumzuia. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wenyeji kuokota mayai, mabuu na wadudu wazima. Waliokota, na mdudu akaendelea. Baadaye alienea kwenye visiwa vingine vya Pasifiki, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mwendo wa meli ulimsaidia. Palau ilipoteza sehemu kubwa sana ya minazi yake.

Hapa ndipo Zanzibar inapoingia. Watafiti walijiuliza: ni wapi mbawakawa wa aina hii wanaishi na minazi bila kuimaliza? Jibu mojawapo lilikuwa pwani ya Afrika Mashariki. Na huku yupo nyigu mkubwa, Scolia ruficornis, ambaye jike wake huchimba ndani ya uozo akimtafuta buu wa chonga, humchoma akapooza, kisha humtagia yai juu yake. Mtoto wa nyigu akitoka anakuta chakula tayari. Morisi walikuwa wameshafanya mchezo kama huo mwaka 1917, walipomleta nyigu Scolia oryctophaga kutoka Madagaska dhidi ya Oryctes tarandus, mbawakawa wa kisiwa chao aliyekuwa akisumbua miwa. Basi mwaka 1945 nyigu wa Zanzibar akapelekwa Samoa.

Angalia kilichotokea. Nyigu huyu nyumbani alizoea mabuu wa wadudu wa Kiafrika. Samoa alikutana na rhinoceros wa Asia, spishi ambayo ukoo wake wote haujawahi kuiona, na akamchoma vile vile. Kwa nyigu, ndani ya giza la gogo linaloweza kubomoka, buu ni buu. Wale waliosema "tofauti ya nini" walikuwa sahihi mara hii. Aliota mizizi kwenye baadhi ya visiwa. Tatizo ni kwamba hakutosha. Minazi iliendelea kufa.

Kilichotosha kilipatikana mwaka 1963, pale Mjerumani Alois Huger alipokwenda Malaysia kutafuta magonjwa ya mbawakawa huyu na kukuta mabuu waliougua kwa kirusi ambacho hakikuwa kimewahi kuelezwa. Kirusi nacho, kwa kuwa tuko kwenye mambo ya utambulisho, kilihama majina: Huger alikiita Rhabdionvirus, baadaye kikawekwa kwenye kundi la bakulovirusi, na leo kinaitwa nudivirusi. Hata wataalamu wa virusi wana pembe zao za kuwadanganya. Mwaka 1967 kilipelekwa Samoa. Uzuri wake ni kwamba mdudu mzima aliyeambukizwa hafi papo hapo. Anaendelea kuruka, kula na kutafuta mwenza, huku akikidondosha kirusi kwa kinyesi kwenye kila gogo analotembelea. Umwambukize mmoja, umwachie, akufanyie kazi usiku. Uharibifu ulishuka sana, na kirusi kikapelekwa Fiji, Tonga na kwingineko. Katika historia ya kudhibiti wadudu bila sumu, huu ni mmoja wa ushindi mkubwa.

Kwa sifa hizo kilikuja upande wetu wa bahari. Katika miaka ya 1980 kilifunguliwa Shelisheli, na pia Tanzania, ambako wakati huo kulikuwa na mradi wa taifa wa kuendeleza minazi. Mlengwa hapa alikuwa monoceros. Kirusi kiliweza kumwambukiza, hilo lilionekana, lakini nafuu iliyotazamiwa, nafuu ya Samoa, haikupatikana. Unaweza kutaja sababu nyingi: hali ya hewa, wingi wa magogo, hata ukweli kwamba monoceros yuko nyumbani kwake wakati rhinoceros wa Samoa alikuwa mgeni. Yote yana nafasi. Ila usisahau wale wawili wa mezani. Silaha ilitengenezwa kwa mmoja, ikapigwa kwa mwingine.

Miaka ya 1990 ikaleta kipimo cha tatu. Wanakemia waligundua harufu, yaani feromoni, ambayo madume wa Oryctes rhinoceros huitoa kuwaita wenzao, na muda huo huo ile ya monoceros ikachunguzwa. Kemikali kuu ni ile ile. Mtego uliowekewa kifuko cha harufu hiyo utamwita wa Asia kule Indonesia na utamwita wa Afrika kule Ivory Coast. Kwa biashara ya mitego ni habari njema. Kwa mtu anayetaka kujua mdudu gani kaingia ndooni, mtego haumsaidii chochote.

Halafu ikaja Guam. Mwaka 2007 rhinoceros alionekana kwenye kisiwa hicho kwa mara ya kwanza, na watu hawakuwa na hofu kubwa, maana kirusi kipo, tunajua cha kufanya. Kirusi kikaachiliwa. Hakuna kilichobadilika. Mwishoni mwa 2013 mdudu akakutwa Hawaii, kwenye eneo la kambi ya Pearl Harbor, na mwaka 2015 uharibifu ukaonekana Honiara, Visiwa vya Solomoni. Mwaka 2017 watafiti walichapisha maelezo: katika DNA ya wadudu hawa wapya kuna alama inayowatenga na wale wa zamani wa Pasifiki, na kundi hili linavumilia kirusi kilichokuwa kikitumika. Wakaliita kundi G, kwa heshima, kama ni heshima, ya Guam.

Kundi G halina pembe tofauti. Halina kishungi tofauti, wala kiungo cha uzazi tofauti. Darubini ya Endrődi haikusaidii. Ni spishi ile ile, Oryctes rhinoceros wa Linnaeus, na bado kwa mtu mwenye chupa ya kirusi mkononi tofauti kati ya hawa wawili ni kubwa kuliko tofauti ya pembe yoyote.

Na Hawaii wamekuta bado wana shida ya kizamani. Kwenye mboji yao wanaishi mabuu wa Protaetia orientalis, mbawakawa wa maua asiye na pembe na asiyeua minazi, ambao wakiwa wadogo wanafanana sana na mabuu wa rhinoceros. Kipimo cha haraka kinafurahisha: mweke buu kwenye sehemu tambarare. Akijigeuza akatambaa kwa mgongo, miguu ikielekea juu, ni wa maua. Kati ya vipimo vyote vilivyotajwa humu, hicho ndicho ninachokipenda zaidi, kwa sababu mtoto wa darasa la pili anaweza kukitumia.

Tuseme sasa kuhusu kwetu. Oryctes rhinoceros hayuko mbali. Morisi alionekana mwaka 1962 na Réunion mwaka 1979, ndani ya Bahari ya Hindi hii hii. Guam na Hawaii walimwona mapema kwa sababu hawakuwa na mdudu wa kufanana naye: mbawakawa mweusi mwenye pembe ni habari ya gazeti. Akishuka kwenye bandari ya Mombasa, Tanga au Dar es Salaam ndani ya udongo wa miche, atatua katikati ya ndugu zake. Makuti yatakatwa pembetatu kama kawaida. Mitego ya feromoni itajaa kama kawaida. Mkulima atasema mwaka huu chonga wamezidi, na atakuwa amesema kweli kwa kadiri ya macho yake. Kama ni wa kundi G, hilo litajulikana siku mtu atakapoamua kumpeleka maabara mdudu ambaye kila mtu anadhani anamjua.

Ukiwa unakusanya wadudu kwa ajili ya mradi wako wa shahada, au una minazi na una hamu ya kujua tu, usimtupe unayemtoa kwa waya. Andika tarehe na mahali, na uandike ulimtoa wapi hasa: kileleni, kwenye gogo au kwenye samadi, maana hiyo pekee inaanza kumtenga boas. Mtie kwenye spiriti yenye ethanoli nyingi, si fomalini, kwa sababu fomalini inaharibu DNA. Madume watunze wazima, usiwavunje nyuma. Mguu mmoja unatosha kwa DNA. Mwili uliobaki mwachie mtu wa darubini.